Bi mkubwa anapona wodini, akirudi nyumbani kifua kinambana upya. Shida iko wapi?

#1 BintiMakorora
Habarini wadau. Naomba mnisaidie kufikiri, mimi kichwa kimeshachoka.

Mama yangu ana miaka 63. Tangu Ramadhani iliyopita amelazwa mara tatu. Kwenye kadi wameandika COPD, ugonjwa sugu wa mapafu, na daktari alinifafanulia kwamba njia za hewa zimeziba na hazifunguki tena sawasawa kama za mtu wa pumu. Hajawahi kuvuta sigara hata moja. Amepika vitumbua miaka 30 na kitu, jiko la kuni, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba.

Kila akilazwa, siku ya tatu au ya nne anakaa, anakula, anatania manesi. Tunaruhusiwa na mfuko wa dawa: pampu ya kuvuta ya bluu ya kufungua njia za hewa, ya kahawia ya kutuliza uvimbe ndani yake, vidonge vya predinisoloni vya siku 5, na maneno "rudini kliniki baada ya mwezi". Wiki mbili hazipiti tuko palepale. Usiku wa kuamkia jana nimemkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, viwiko juu ya meza, mabega yanapanda na kushuka. Kuniambia nimletee maji ilibidi apumzike katikati. "Niletee..." kimya, "...maji."

Wodini kuna nini ambacho nyumbani hakipo? Na je, kuna yeyote hapa Tanga aliyepata nesi wa kumfuata mgonjwa wa mapafu nyumbani, kama wanavyofuatwa wa TB? Hospitali sitaitaja, sijaja kugombana na mtu.

#2 MzeeWaPongwe
Pole sana mwanangu. Wodini hapapikwi kwa kuni. Jibu ni hilo, uzi ufungwe.

#3 KijanaWaSahare
Shikamoo mzee. Usifunge uzi, ndio kwanza tunavuta mikeka. Mama yangu mdogo kule Mabawa tulimnunulia mtungi wa gesi, kuni zikahama kabisa, na bado mwezi uliofuata tulimpeleka hospitali kwa bajaji usiku wa manane.

#4 BintiMakorora
#2 Ahsante kwa ushauri baba, ila vitumbua nimemkataza tangu alipolazwa mara ya kwanza, na ndani tunapikia gesi. Anashinda sebuleni.

#5 MzeeWaPongwe
Na jirani anapikia nini? Makorora nyumba zimebanana, dirisha lako ndilo dohani la mwenzio. Saa kumi na moja alfajiri simama uani unuse, kisha urudi hapa.

#6 NesiMstaafu
Pole mwanangu. Nimefanya wodi ya wanaume miaka 11 na huduma za majumbani miaka 6 kabla ya kustaafu, kwa hiyo mnivumilie, nitaandika ndefu.

Umewahi kumwangalia mama anavyovuta pampu? Sisemi kumuuliza. Kumwangalia.

Wodini dawa anapewa kwa nebulaiza, mashine inayoigeuza dawa kuwa ukungu. Anawekewa barakoa, yeye anahema tu, dawa inaingia yenyewe. Nyumbani tunamkabidhi kitu kinachotaka ujuzi: aitikise, atoe pumzi nje, abonyeze pale anapoanza kuvuta, avute polepole, kisha aibane pumzi mpaka ahesabu 10. Mtu mwenye vidole vilivyokakamaa na pumzi fupi ataweza wapi? Nilimfuata mzee mmoja Msambweni aliyekuwa ameshalazwa mara nne. Nikamwambia baba, hebu nioneshe. Akabonyeza, wingu lote likatokea puani na pembeni mwa mdomo, akafunga kifuniko, akanitazama kama mtu aliyemaliza kazi. Miezi minane dawa ilikuwa inaishia mashavuni. Sisi wote tulikuwa tunamuuliza, "Unatumia dawa?" Naye alikuwa anajibu kweli tupu: "Natumia."

Nilimtengenezea chupa. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu. Pasha waya moto, toboa kitako chake tundu la umbo lilelile la mdomo wa pampu, lisiwe pana. Chomeka pampu kitakoni, zungushia plasta hewa isipenye. Mama aweke midomo kwenye mdomo wa chupa. Unabonyeza mara moja, anavuta taratibu na kutoa, mara nne au tano. Ukiiosha, tumia maji yenye sabuni kidogo uiache ijikaushe, usiifute kwa kitambaa, maana dawa itanasa ukutani mwa chupa.

Na baada ya ile ya kahawia asukutue na kuyatema maji. Asiposukutua ulimi unaota utando mweupe, chakula kinakosa ladha, anaacha dawa na hakwambii.

#7 Mtakwimu
Chupa ya #6 si uzushi. Ilijaribiwa Cape Town kwa watoto wenye pumu, majibu yakachapishwa 1999: chupa ya nusu lita ilifanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani cha kuchomekea pampu (spacer), mradi tundu limezibwa vizuri.

Ila naomba nipinge jambo moja ambalo naona wengi tunalichukulia kama limeshathibitika, kwamba nesi akimfuata mgonjwa nyumbani basi lazima kulazwa kupungue. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, walichapisha kazi yao juu ya wagonjwa 240 wa COPD. Nusu walisaidiwa na manesi miezi 3 kuanzia wodini mpaka nyumbani. Ikasemekana kurudi hospitali kumepungua sana. Mwaka 2019 wakaiondoa wenyewe na kuchapisha upya, kwa sababu alama za makundi mawili zilikuwa zimegeuzwa kwenye kompyuta. Ukweli ukawa kinyume, yaani waliosaidiwa ndio waliorudi hospitali zaidi.

Kuna utafiti mwingine wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, ulichapishwa 2012, wagonjwa 426. Walifundishwa kujihudumia na kupigiwa simu. Ulisimamishwa kabla ya muda kwa sababu ya vifo: 28 kwa waliofundishwa, 10 kwa wasiofundishwa.

#8 KijanaWaSahare
Eh! #7 umetuzimia taa sasa.

#9 NesiMstaafu
#7 Ahsante, hilo la kugeuza makundi sikulijua na nimelisoma mara mbili. Takwimu sizikatai. Lakini huyo wa Baltimore anapiga simu na gari la wagonjwa linafika mlangoni. Akifundishwa dalili ataziona mapema na ataenda mapema, ndiyo maana huenda wakaonekana wanarudi zaidi. Bi mkubwa wa Makorora anasubiri kuche, anasubiri nauli, anasubiri mwanaume wa kumbeba mpaka barabarani.

#10 Mtakwimu
Kwa Baltimore nakubali yawezekana. Ila vifo 28 kwa 10 havielezwi na kuwahi hospitali. Watafiti wenyewe hawakupata sababu inayojitosheleza.

#11 MkongeMkavu
Nimesoma wote. Mimi niko Muheza, nilikata mkonge, nikahamia korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, mwisho nikawa brashi, kusafisha nyuzi, na anayejua brashi anajua lile vumbi jeupe linavyokaa kwenye kope. Mwaka 2016 nikapatikana na TB.

Nataka #1 asikie tofauti. Nilipokuwa na TB nilikuwa na msimamizi wa dawa, mke wangu, niliyemchagua mwenyewe. Alikuwa na kadi yangu, ananiona nikimeza, anatia alama. Nikichelewa kliniki walipiga simu. Mara mbili walikuja hadi nyumbani, wakamwambia mke wangu afungue madirisha yote mchana na asitenge vyombo vyangu, kwani TB haiambukizi kwa sahani. Miezi 6 ikaisha, makohozi safi, nikapongezwa.

Kifua hakikurudi. Kupanda kile kilima cha kwenda shambani nasimama mara tano. Picha inaonesha makovu juu kulia. Na tangu siku ile hakuna aliyenipigia simu wala kumuuliza mke wangu chochote. Pumzi ni ileile, mtu ni yuleyule, kadi tu ndiyo imebadilika. Mara mbili nimerudi nikapimwa TB upya, hakuna vijidudu, naambiwa "uko sawa baba", natembea kurudi nyumbani nikitweta.

#12 ShogaWaDuga
Pole kaka #11. Huku Duga tunaye mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wale WAJA. Alikuja mara moja kwa baba mkwe, akauliza, akaandika, hajaonekana tena. Tanga yetu tunasema waja leo waondoka leo, sasa huyu WAJA wetu naye leo kaja na leo kaondoka.

#13 WajaHalisi
Dada #12 umenichekesha na umenichoma. Mimi ni WAJA, si wa Duga lakini. Mpango wetu wa WAJA ulipozinduliwa Januari 2024 nilifurahi kama mtoto. Niwaambie kazi ilivyo mlangoni. Nikisikia kikohozi cha wiki mbili na zaidi, najua cha kufanya, nakusanya makohozi yakapimwe TB. Majibu yakirudi hayana vijidudu, sina hatua ya pili. Nabaki nimemsimamia mama anayehema kwa mabega, nasema pole. Pampu sijawahi kufundishwa kuikagua. Hilo la chupa la #6 nimelinakili kwenye daftari.

#14 NesiMstaafu
#13 Mwanangu, usiishie kwenye pole. Mkalishe, mhesabie pumzi dakika nzima kwa saa. Zikipita 25 mtu amekaa kimya, hapo pana jambo. Midomo ikiwa ya bluu, akishindwa kumaliza sentensi, au akianza kusinzia na kuchanganya maneno, ni hospitali saa hiyohiyo.

#15 FundiFriji_Ngamiani
Mmezunguka sana jamani. Wodini kuna oksijeni, nyumbani hakuna. Mashine zipo zinazochuja hewa ya chumbani ibaki oksijeni, unachomeka ukutani. Mtafutie mama mashine, yaishe.

#16 Mtakwimu
Mashine ya kutoa lita 5 kwa dakika inakula kama wati 350. Mgonjwa aliyeandikiwa oksijeni ya muda mrefu anatakiwa aipate angalau saa 15 kwa siku. Hapo ni zaidi ya uniti 5 kila siku, mwezi unapita uniti 150. Kama nyumba iko kwenye ile tarifu ya wanaotumia chini ya uniti 75, imetoka. Na umeme ukikatika?

#17 FundiFriji_Ngamiani
Umeme ukikatika unakuwa na mtungi wa akiba. Mimi nimetoa jibu, bei mtajua wenyewe.

#18 NesiMstaafu
Fundi, nakuheshimu, lakini hapa nakukataza. Oksijeni ni dawa, ina kipimo. Kuna wagonjwa wa COPD ukiwapa nyingi hewa chafu inajaa kwenye damu, analala usingizi mzito na ukimwamsha haamki. Kwa wengi wao tunatafuta oksijeni ya asilimia 88 hadi 92 kwenye kile kipimo cha kidoleni. Mtu akiona 91 anapandisha mashine ifike 99, anadhani amesaidia. Lazima apimwe kwanza. Mwaka 2016 Wamarekani walitoa majibu ya wagonjwa 738 ambao oksijeni yao ilikuwa imeshuka kiasi tu: kuwapa ya nyumbani hakukuwapunguzia vifo wala kulazwa. Anayefaidika ni yule iliyomshuka sana. Na jiko, mshumaa, sigara, vyote mbali na mashine. Oksijeni inakuza moto, nimeshaona uso wa mtu ulioungua.

#19 Mpemba_wa_Chumbageni
Jamani mnasahau upepo. Kusi likivuma kwa nguvu, Juni Julai, wenye vifua wote hapa Tanga wanahangaika. Kalazwa miezi gani?

#20 BintiMakorora
#19 Mara moja wakati wa kusi, mbili si wakati wa kusi.

#21 AliyeonaMengi
Dada, anabanwa usiku tu, mchana nafuu? Hilo si la hospitali. Mtafute mtu mzima amwangalie.

#22 MzeeWaPongwe
#21 Sikuvunjii heshima, na dua tunamuombea. Lakini marehemu mke wangu tulimzungusha kwa waganga miezi mitano kwa maneno hayohayo ya "usiku tu". Ilikuwa moyo. Alikuwa anabanwa usiku kwa sababu usiku ndipo alipolala chali. Sitaki mwingine apoteze miezi mitano.

#23 DaktariMwanafunzi
Naungana na #22. #1, je, miguu inavimba? Ukibonyeza juu ya kifundo kwa kidole panabaki shimo? Anaongeza mito kila wiki? Mapafu yakiumwa muda mrefu upande wa kulia wa moyo unachoka, na wapo wenye moyo mbovu walioandikiwa mapafu. Wodini anapewa sindano ya kukojoza, anapungua maji, anapumua. Nyumbani maji yanajaa tena. Hiyo nayo ingeeleza "anapona wodini, anaumwa nyumbani" bila pampu wala kuni.

#24 ShogaWaDuga
Na mimi niulize la kike. Jioni ya Alhamisi mnafukiza nini?

#25 BintiMakorora
#24 Ubani, na udi kidogo. Chetezo kinawekwa sebuleni, milango inafungwa harufu ishike kwenye nguo. Ya Rabi. Mama anakaa palepale.

#26 ShogaWaDuga
Basi shoga. Mkaa, ubani, na mlango umefungwa. Nilimtoa baba mkwe kwenye chumba cha maharusi, alikuwa amebadilika rangi, na watu walidhani ameguswa na furaha.

#27 Mpemba_wa_Chumbageni
Haya, udi nao sasa. Mtatukataza na kahawa.

#28 MtangaUghaibuni
Wadau, niko Leeds, Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee. Huku ninachokiona ni hiki. Baadhi ya wagonjwa wa COPD wanatolewa wodini mapema makusudi, na nesi wa mapafu anafika nyumbani, mara nyingi kesho yake. Anapima, anatazama pampu, anamfundisha kupumua kwa midomo iliyobanwa kama mtu anayepoza chai kwenye kisosi, na kuinama mbele mikono ikiwa mezani, vile #1 alivyomkuta mama yake. Mwili wa mama umejifundisha wenyewe. Lakini hawatolewi wote, wanachujwa, wanaofaa ni kama mmoja kati ya wanne. Anayeishi peke yake au aliyechanganyikiwa haruhusiwi. Msidhani huku kila mtu ana nesi wake.

#29 MkongeMkavu
#28 Hata huyo mmoja kati ya wanne angenitosha. Muheza kulikuwa na watu wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu, wa Hospitali Teule, walikuwa wanafika vijijini kwa wagonjwa wa saratani na UKIMWI. Niliwahi kuwaona kwa jirani yangu, wakamgeuza, wakamwosha, wakakaa naye. Kifua changu hakikuwa kwenye orodha.

#30 KijanaWaSahare
Kaka #11 machungwa ya Muheza hayasaidii kifua? Bibi yangu anasema yanakata makohozi.

#31 MkongeMkavu
Ninayo miti 14, mdogo wangu. Ingekuwa dawa ningekuwa nakimbia mbio za baiskeli.

#32 BintiMakorora
Nimerudi na mrejesho, siku mbili zimepita.

Asubuhi nilikaa mbele ya mama, nikamwambia kama #6 alivyosema, mama hebu nioneshe. Alichukua ya bluu, akaitikisa, akabonyeza, akavuta. Alivuta vizuri tu! Nikakata tamaa, nikaona basi si hilo. Kisha nikaichukua mimi, nikaitikisa karibu na sikio. Nyepesi, haina kitu ndani. Kwenye boksi imeandikwa mipulizo 200. Anatumia kama 8 kwa siku, hivyo ni siku 25. Hii tulipewa alipotoka mara ya pili, imepita miezi miwili na siku kadhaa. Mara ya tatu tuliporuhusiwa waliuliza, "Pampu mnayo?" Nikajibu tunayo. Inatoa upepo, inasema psst kama kawaida, mama anaamini amekunywa dawa. Nililia jikoni asinione.

Nimenunua mpya. Nimeandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito.

Lakini wadau, haiishii hapo. #23, nimebonyeza miguu. Wa kushoto na wa kulia, pamebaki shimo. Na #5, alfajiri nilisimama uani. Moshi wa jirani unaingia kwenye dirisha la chumba chake, kitanda kiko chini ya dirisha hilo.

#33 NesiMstaafu
Pole, na usijilaumu hata kidogo. Swali "pampu mnayo" ni la kwetu sisi wauguzi, sisi ndio tulipaswa kuishika na kuitikisa.

#34 DaktariMwanafunzi
Shimo kwenye miguu, usisubiri kliniki ya mwezi. Mpeleke wiki hii apimwe moyo, na waeleze habari ya pampu tupu wasije wakaongeza dawa kumbe hakuwa anaipata.

#35 Mtakwimu
Sasa mko na pampu tupu, moyo, moshi wa jirani na udi, vyote kwa mpigo. Akipata nafuu hamtajua ni kipi. Nashauri mbadilishe kimoja kimoja.

#36 MzeeWaPongwe
#35 Mwanangu, huyo ni mama wa mtu. Vyote vibadilishwe leo, utafiti utafuata.

#37 Mtakwimu
Mzee umenishinda. Vibadilishwe.

#38 BintiMakorora
Kitanda tumekihamishia ukuta wa pili. Jirani nimeongea naye, ni mtu mwema, anasema gesi hana uwezo nayo ila jiko atalisogeza upande wa kichochoro. Mama amekubali yote isipokuwa Alhamisi. Anasema harufu ya udi ndiyo ya mama yake mzazi. Tumepatana chetezo kiwe barazani na nguo zianikwe hukohuko. Hospitali ni kesho saa mbili.

#6 chupa iwe ya maji au hata ya soda?

#39 NesiMstaafu
Ya maji, ya soda ina mabaki ya sukari. Usitoboe peke yako, waya ukipitiliza tundu linakuwa kubwa. Nitumie ujumbe wa pembeni unielekeze nyumba, Ijumaa baada ya swala nitakuwa Makorora.

#40 WajaHalisi
Mama #39, naomba nije nanyi nikaone unavyotoboa.